Shaka ya Umma Kuhusu Vifo Mikononi mwa Polisi Nchini Tanzania, 1976–2025: Tafakuri ya Kihistoria kwa Kuuzingatia Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna shaka ya umma kuhusu vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa polisi ilivyozuka, ilivyopokelewa na dola, na ilivyokoma au kuendelea, kuanzia mateso ya Mwanza na Shinyanga ya mwaka 1976 hadi hukumu ya Mtwara ya mwaka 2025. Matukio matatu yanachambuliwa, kisha mafunzo yake yanapimwa kwa kuitazama Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa jumla, eneo lililo mbali na vyombo vikuu vya haki na lenye wakazi wengi wahamiaji. Hoja inayojengwa ni kwamba shaka ya umma hailingani na uvumi. Ni dai la kupewa maelezo, na hustawi pale ambapo chombo kinachotuhumiwa ndicho kinachoeleza, kinachopeleleza na kinachotunza kumbukumbu. Insha inaonyesha pia kwamba katika matukio yote matatu ukweli ulipatikana kwa nguvu zilizo nje ya utaratibu wa kawaida wa sheria, na kwamba nguvu hizo hazigawanyiki sawa baina ya mikoa wala baina ya watu.

1.0 Utangulizi

Mtu anapokamatwa na kuwekwa mahabusu, hupoteza uwezo wa kujilinda, wa kutafuta tiba na wa kuita mashahidi. Kuanzia hapo uhai wake huwa dhamana ya dola. Kwa sababu hiyo, kifo kinachotokea mahabusu hutofautiana na kifo kinachotokea nyumbani au barabarani. Wanaojua kilichotokea ni wachache, nao mara nyingi ni watumishi wa chombo kimoja. Kitabu cha kuandikishia mahabusu kimo mikononi mwao, funguo za chumba zimo mikononi mwao, na taarifa ya kwanza kwa ndugu wa marehemu hutoka vinywani mwao.

Katika mazingira hayo umma huuliza maswali ambayo yamekuwa yakijirudia kwa zaidi ya miaka arobaini. Nani alikuwa naye saa za mwisho? Maelezo ya kwanza yalisemaje, na je, yalibadilika? Nani aliukagua mwili, na kwa niaba ya nani? Wanahistoria wa siasa za Tanzania wameandika mengi kuhusu chama, vijiji vya ujamaa na mageuzi ya uchumi, lakini maswali haya matatu yamebaki zaidi katika kazi za wanasheria. Insha hii inayachukua kama data ya kihistoria. Yanaonyesha kiwango ambacho raia wa kila kipindi waliiamini serikali yao, na njia walizozitumia pale imani hiyo ilipopungua.

Katavi imechaguliwa kuwa mahali pa kupimia mafunzo hayo kwa sababu mbili. Kwanza, ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na idadi ya watu wake imekua kwa kasi kubwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604, na ile ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Pili, historia ya Mpanda ni historia ya watu waliokuja kutoka kwingine: wachimbaji, wafugaji na wakimbizi. Mahali ambapo wengi ni wageni, swali la nani atakayemuulizia mtu aliyefia mahabusu lina uzito wa pekee.

2.0 Msingi wa Kisheria

Sheria za Tanzania hazijanyamaza kuhusu suala hili. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 1984. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi, na Ibara ya 13(6) inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaweka mipaka ya muda wa kumhoji mtuhumiwa, ambao kwa msingi ni saa nne, na inaagiza kwamba aliye chini ya ulinzi atendewe kwa utu na kwa kuheshimu hadhi yake. Sheria hiyohiyo inataka mtuhumiwa asiyepewa dhamana afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo.

Kwa upande wa vifo, ipo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980. Sheria hii inatambua kwamba kifo cha mtu aliye kizuizini ni kifo kinachohitaji uchunguzi mbele ya korona, kazi ambayo kwa kawaida huangukia kwa hakimu. Lengo la uchunguzi huo si kumtia mtu hatiani. Lengo ni kujibu hadharani nani amekufa, lini, wapi na kwa sababu gani. Ni utaratibu uliobuniwa mahsusi kujibu maswali ambayo umma huuliza.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1980 ulileta badiliko jingine lililoelekea upande tofauti. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilirekebishwa, na maelezo ya kukiri kosa yaliyotolewa mbele ya polisi, ambayo hapo kabla hayakupokelewa mahakamani, yakaruhusiwa kupokelewa iwapo yametolewa kwa hiari. Kabla ya badiliko hilo, mpelelezi aliyemlazimisha mtu kukiri hakupata faida kubwa mahakamani. Baada yake, maneno yaliyotamkwa ndani ya chumba cha mahojiano yakawa na thamani ya ushahidi. Hivyo, katika mwaka mmoja, sheria iliimarisha njia ya kuchunguza vifo vya mahabusu na papo hapo ikaongeza kishawishi cha vitendo vinavyoweza kuvisababisha.

Pengo jingine ni la kimataifa. Tanzania imeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu tangu mwaka 1984, lakini haijajiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso. Kwa hiyo askari anayemtesa mtuhumiwa hushtakiwa kwa makosa ya kawaida kama vile shambulio, kuua bila kukusudia au mauaji. Mateso kama kosa linalojitegemea, lenye kuitambua nafasi ya mtesaji kama mtumishi wa dola, hayana jina lake katika kanuni za adhabu.

3.0 Mwanza na Shinyanga, 1976

Tukio la kwanza kubwa katika Tanzania huru lilitokea Usukumani. Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji mengi, hasa ya watu waliotuhumiwa uchawi, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Serikali ilianzisha operesheni ya kuwasaka wauaji, ikiwahusisha polisi na maofisa wa usalama wa taifa. Mamia ya watu walikamatwa. Katika kuhojiwa, baadhi yao waliteswa, wengine wakapata ulemavu na wengine wakafa.

Kipindi hicho kilikuwa cha chama kimoja. Magazeti makubwa yalikuwa ya serikali na ya chama, hapakuwa na mashirika huru ya kutetea haki, na haki za binadamu zilikuwa bado hazijaingizwa katika Katiba kwa namna ambayo raia angeweza kuzidai mahakamani. Shaka ya wananchi haikuwa na uwanja wa wazi. Ilisafiri kwa njia za ndani, yaani kupitia kwa ndugu, viongozi wa maeneo na ngazi za chama, mpaka ikafika juu.

Jibu la dola lilikuja mwanzoni mwa mwaka 1977. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa msingi kwamba, ingawa hakuhusika moja kwa moja, vitendo hivyo vilifanywa na watu waliokuwa chini ya wizara yake. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, naye alijiuzulu, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga wakaachia nyadhifa zao. Baadaye maofisa wa polisi na wa usalama walishtakiwa na kutiwa hatiani. Shauri la Elias Kigadye na wenzake dhidi ya Jamhuri, lililomo katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1981, limeendelea kurejewa na wanasheria kama alama ya kwamba amri ya operesheni haimpi askari ruhusa ya kutesa.

Kujiuzulu kwa Mwinyi kumeingia katika kumbukumbu ya taifa kama kielelezo cha uwajibikaji. Alipokuwa Rais kati ya 1985 na 1995, na hata alipofariki mwaka 2024, tukio hilo lilitajwa kama ushahidi wa uadilifu wake. Sifa hiyo inastahili. Lakini mwanahistoria hana budi kutazama pia kile ambacho kumbukumbu hiyo imekifunika. Jina la waziri aliyejiuzulu linajulikana na kila mwanafunzi wa uraia. Majina ya waliokufa hayajulikani. Uwajibikaji wa kisiasa ulijibu swali la nani abebe lawama, lakini haukujibu, kwa kila familia na kwa kila maiti, swali la kilichotokea.

Ulinganisho na Afrika Kusini unasaidia kuiona tofauti hiyo. Mwaka huohuo wa 1977, mwezi Septemba, Steve Biko alikufa akiwa mikononi mwa polisi. Maelezo ya kwanza ya waziri mhusika yaligusia mgomo wa kula, lakini ushahidi wa kitabibu ulionyesha majeraha ya kichwa. Uchunguzi wa kifo ulifanyika mahakamani, hadharani, mbele ya waandishi wa habari, na ukamalizika Desemba kwa kutomwona mtu yeyote kuwa na hatia. Huko utaratibu wa uchunguzi ulikuwepo bila dhamira ya kuwajibisha. Tanzania ilikuwa na dhamira ya kuwajibisha bila uchunguzi wa wazi wa kila kifo. Mifano hiyo miwili, ikiwekwa pamoja, inaonyesha kwamba kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Matokeo mengine ya Usukumani hayakutarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo ya Kahama na Nzega, wananchi walianzisha vikundi vya ulinzi vilivyojulikana kama sungusungu. Wizi wa mifugo ulichangia sana kuzaliwa kwa vikundi hivyo, lakini kulikuwa pia na hisia kwamba polisi hawawezi kutegemewa. Serikali, badala ya kuvipinga, ilivikubali, na sheria ya mwaka 1989 ikavitambua. Hivyo sehemu ya mamlaka ya kukamata ilihamia mikononi mwa watu ambao nao hawakuwa na utaratibu madhubuti wa kuhojiwa pale aliyekamatwa alipoumia au kufa.

4.0 Msitu wa Pande, 2006

Tukio la pili lilitokea Dar es Salaam katika mazingira tofauti kabisa ya kisiasa. Vyama vingi vilikuwa vimerejea, magazeti binafsi yalikuwa mengi, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikuwa imekwisha kuundwa. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa kwa risasi. Polisi walieleza kwamba waliouawa walikuwa majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi.

Maelezo hayo hayakudumu. Ndugu wa marehemu walikuwa watu wenye uwezo wa kusafiri, wa kuzungumza na waandishi na wa kuwafikia viongozi. Walikana kwamba ndugu zao walikuwa majambazi, na walitaja fedha na mali walizokuwa nazo. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa. Tume iligundua kwamba hapakuwa na majibizano ya risasi. Watu hao walikuwa wamekamatwa wakiwa hai na kupelekwa msituni Pande, ambako waliuawa. Maofisa wa polisi, akiwemo Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, walishtakiwa kwa mauaji.

Agosti 2009 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Salum Massati, iliwaachia huru washtakiwa wote waliobaki. Jamhuri ilikata rufani. Septemba 2016, zaidi ya miaka kumi baada ya mauaji, Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa. Zombe na wengine walithibitishwa kuwa huru, na sheria inataka hukumu hiyo iheshimiwe.

Kwa mtazamo wa historia, jambo la kutafakari ni mwendo wa shaka yenyewe. Kiini cha uongo wa mwanzo, yaani kwamba waliouawa walikuwa majambazi, kilifichuliwa ndani ya miezi michache na tume ya rais, si na korona. Uchunguzi wa kifo kwa mujibu wa sheria ya 1980, ambao ungeweza kufanywa na hakimu yeyote mwenye mamlaka bila kusubiri amri ya Ikulu, haukuwa njia iliyotegemewa. Umma ulijifunza kwamba ili kifo cha mikononi mwa polisi kichunguzwe, kinapaswa kwanza kuwa habari kubwa.

5.0 Mtwara, 2022

Tukio la tatu linafanana na la pili kwa namna inayoshangaza. Kijana mfanyabiashara wa madini kutoka wilayani Nachingwea alikamatwa mjini Mtwara mwishoni mwa mwaka 2021 kwa tuhuma za wizi, na fedha zake zikachukuliwa na polisi. Mwanzoni mwa Januari 2022, alipokuwa akifuatilia fedha hizo, alitoweka, na baadaye mwili wake ukapatikana. Familia yake ndiyo iliyomtafuta, ikauliza kituoni na kupeleka malalamiko juu. Maofisa saba wa polisi walikamatwa.

Kisha likatokea jambo lililoikuza shaka maradufu. Mmoja wa maofisa hao waliokamatwa alikutwa amekufa akiwa mahabusu, na maelezo rasmi yakawa kwamba alijinyonga. Watu wengi waliona ugumu wa kuyapokea maelezo hayo, kwa kuwa marehemu alikuwa shahidi muhimu wa kilichotendeka kituoni. Suala hili linafundisha. Ofisa wa polisi, akiwa mtuhumiwa, hukutana na udhaifu uleule unaomkuta raia mwingine yeyote aliye mahabusu. Haki ya kuchunguzwa kwa kifo chake kwa njia huru ni haki yake na ya familia yake, hata kama tuhuma dhidi yake zilikuwa nzito.

Mwanzoni mwa Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alihoji hadharani iweje Jeshi la Polisi lijichunguze lenyewe, akamwagiza Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kuunda timu nyingine. Kwa mara ya kwanza, mkuu wa nchi alilitamka swali ambalo wananchi walikuwa wakiliuliza tangu 1976, na kwa maneno yaliyokaribiana na yao. Januari 2023 alizindua Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ambayo iliwasilisha taarifa yake Julai 2023. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kuundwa kwa ofisi ya taifa ya upelelezi itakayojitegemea, ili kukamata na kupeleleza visikae chini ya paa moja. Juni 2025 Mahakama Kuu mjini Mtwara iliwahukumu kifo maofisa wawili na kuwaachia wengine.

6.0 Kutoka Usukumani, Pande na Mtwara hadi Mpanda

Mpanda ya sasa ilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati madini ya risasi yalipoanza kuchimbwa kwa wingi na reli ikajengwa kutoka Kaliua. Uchimbaji mkubwa ulipokoma, reli ilibaki. Wilaya ilikuwa sehemu ya Tabora hadi 1974, ikahamishiwa katika mkoa mpya wa Rukwa, na ikawa kitovu cha Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, mkazi wa Mpanda aliyetaka kuonana na mkuu wa mkoa au kamanda wa polisi wa mkoa alilazimika kusafiri hadi Tabora na baadaye Sumbawanga, akipita maeneo yenye watu wachache, yakiwemo ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kuundwa kwa mkoa kumesogeza ofisi hizo karibu. Dar es Salaam bado iko umbali wa zaidi ya kilometa 1,000.

Umbali huu una maana gani kwa maswali matatu yaliyotajwa mwanzoni? Swali la kwanza, la nani alikuwa na marehemu, linahitaji mtu wa kuliuliza. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakihamia Rukwa na Katavi kutafuta malisho. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huhama kutoka machimbo hadi machimbo, mara nyingi wakiwa na fedha taslimu na bila ndugu wa karibu. Mazingira hayo ni yaleyale yaliyowakuta wafanyabiashara wa Mahenge na kijana wa Nachingwea: mtu wa madini, mwenye fedha, ugenini. Katika matukio yote mawili, kilichowaokoa marehemu wasizikwe na jina la ujambazi au wizi ni ndugu waliokuwa na nguvu ya kufuatilia. Mchimbaji ambaye ndugu zake wako mkoa mwingine, na ambao huenda wakapata habari baada ya wiki kadhaa, hana kinga hiyo.

Hali ya makazi ya wakimbizi ni mfano mwingine. Katumba ilianzishwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Kwa miongo kadhaa wakazi wake waliishi chini ya uangalizi wa wakuu wa makazi, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Uraia wa takriban watu 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu ulikamilishwa mwaka 2014. Kwa muda wote wa kabla ya hapo, mtu ambaye kukaa kwake nchini kulitegemea ridhaa ya serikali angewezaje kuishtaki serikali hiyohiyo kwa kifo cha ndugu yake? Ukimya wa malalamiko katika mazingira hayo hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa kutokuwepo kwa sababu ya kulalamika.

Swali la pili linahusu maelezo ya kwanza na uwezekano wa kuyapinga. Dar es Salaam ina vyumba vya habari, mawakili na mashirika mengi, na mji wa mkoa wa pembezoni una vichache. Jambo la pili ni lugha ya viongozi. Juni 2013, Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa wakati huo na mbunge wa jimbo la Katavi, alisema bungeni kwamba wanaokaidi amri ya vyombo vya dola wapigwe tu, kwa kuwa serikali imechoka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika walifungua shauri la kikatiba, lakini Mahakama Kuu ililitupa mwaka 2014. Wapo waliomwelewa kuwa alikuwa akizungumzia vurugu na hofu ya usalama, na muktadha huo ni wa kweli. Hata hivyo, kauli ya kiongozi wa ngazi hiyo humfikia askari wa kituo cha kata kama idhini, na humfikia mwananchi kama onyo kwamba asiulize.

Swali la tatu, la nani aliukagua mwili, ndilo gumu zaidi. Uchunguzi wa maiti unaoweza kutofautisha kuanguka na kupigwa, au kujinyonga na kunyongwa, unahitaji daktari bingwa wa patholojia. Wataalamu hao ni wachache nchini, na kwa kawaida wako katika hospitali kubwa. Isitoshe, raia aliyejeruhiwa hutakiwa kwenda hospitali na fomu namba tatu ya polisi, maarufu kama PF3. Aliyejeruhiwa na polisi hulazimika hivyo kuomba karatasi ya kutibiwa kutoka kwa waliomjeruhi. Utaratibu uliowekwa ili kulinda ushahidi unageuka kuwa kizuizi cha ushahidi.

Tukio la Kenya la Juni 2025 linaonyesha uzito wa suala hili. Mwalimu aliyekamatwa Homa Bay alikufa katika kituo kikuu cha polisi cha Nairobi, na polisi wakadai kwamba aligonga kichwa chake ukutani. Uchunguzi wa maiti ulikuta majeraha yasiyopatana na dai hilo. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ilichukua upelelezi, na maofisa wakashtakiwa ndani ya mwezi huo. Kenya haijawa salama kwa mahabusu kwa sababu ya kuwa na mamlaka hiyo. Tofauti ni kwamba shaka ya umma ilipata mahali pa kwenda bila kusubiri hisani ya rais.

7.0 Mjadala

Matukio matatu ya Tanzania yana mfanano mmoja mkubwa: kila mara utaratibu wa kawaida ulisimama hadi mamlaka ya juu kabisa ilipoingilia. Mwaka 1977 mawaziri walijiuzulu, mwaka 2006 iliundwa tume ya jaji, na mwaka 2022 Rais alizungumza hadharani. Hatua hizo zote zinastahili kuheshimiwa. Lakini haki inayotegemea kiongozi asikie ni haki yenye mpaka, kwa kuwa kiongozi mmoja hawezi kusikia kila kilio kinachotoka katika kila kituo cha polisi.

Kuna hoja kinzani inayofaa kupimwa. Inadaiwa kwamba si kila kifo cha mahabusu ni mauaji. Wapo wanaofikishwa kituoni wakiwa tayari wamepigwa na wananchi wenye hasira, wapo wagonjwa, na wapo wanaojidhuru. Shaka ya jumla, kwa mujibu wa hoja hii, huwaonea askari waadilifu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyohiyo inaunga mkono uchunguzi wa wazi badala ya kuupinga. Askari aliyempokea mtuhumiwa akiwa na majeraha, akaandika hali yake kitabuni na kumpeleka hospitali, hana ulinzi bora kuliko hakimu anayezisoma kumbukumbu hizo mbele ya ndugu wa marehemu. Pasipo uchunguzi, askari mwadilifu na askari muuaji hubeba lawama ileile, kwa kuwa umma hauna njia ya kuwatofautisha.

Inafuata kwamba shaka ya umma isitibiwe kwa makanusho. Kanusho hutolewa na chombo kinachotuhumiwa, na hivyo halina uwezo wa kuliondoa swali la msingi. Kinachoweza kuliondoa ni mtu wa tatu, mwenye mamlaka ya kisheria, anayefanya kazi kwa wajibu na si kwa ombi.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kutoka 1976 hadi 2025 mazingira ya siasa, habari na sheria nchini Tanzania yalibadilika sana, lakini njia ya kupata ukweli kuhusu kifo cha mahabusu ilibadilika kidogo. Kifo kilichunguzwa kikamilifu pale kilipopata sauti kubwa. Tofauti baina ya familia iliyopata jibu na isiyopata imetokana zaidi na fedha, umbali na ujasiri wa ndugu kuliko maandishi ya sheria.

Kwa mkoa kama Katavi, hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Sheria ya 1980 ingetosha kuanzia, iwapo kila kifo kinachotokea mahabusu kingefikishwa kwa korona bila kusubiri malalamiko, ndugu wakaarifiwa na kuruhusiwa kuwa na daktari wao wakati wa uchunguzi wa maiti, na matokeo yakasomwa hadharani mjini Mpanda badala ya kubaki katika jalada. Upelelezi wa vifo hivyo ukitengwa na kituo kilichomshikilia marehemu, kama fikra ya Tume ya 2023 inavyoelekeza, maneno ya polisi yenyewe yatapata uzito mpya. Utafiti zaidi unaweza kuanzia katika vitabu vya mahabusu vya vituo vya wilaya na majalada ya mahakama za mwanzo, ambavyo vinahifadhi historia ya dola kama inavyoonekana kutoka chini. Humo ndimo mtafiti anaweza kukutana na majina ambayo masimulizi ya kujiuzulu na ya tume hayakuyabeba.